Saa Tisa na Nusu: Nani Alikula Muda wa Watoto wa Eastlands?

Kuna sheria moja Kenya hii ambayo ukiisoma kwa sauti mbele ya watoto wa gredi ya sita, watakucheka. Iko kwenye Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015. Inasema shule za kutwa zifundishe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha kutoka saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja kasorobo iwe ni michezo na shughuli zingine nje ya masomo. Saa moja na robo, kila siku ya shule. Haijasema mwalimu mkuu akipenda. Imesema hivyo tu.

Kanuni hizo zikitoka nilikuwa darasa la sita, Eastlands. Kengele ya saa tisa na nusu ilikuwa inalia kweli. Tunakimbia chooni, tunarudi, mwalimu anaingia na rundo la karatasi za majaribio. Tuisheni. Shilingi kumi kwa siku, na kama mathe hana hiyo kumi unasimama nje ya darasa hadi wenzako wamalize. Huruhusiwi kwenda nyumbani, na kucheza ndiyo usiseme. Unasimama tu.

Juzi nikiwa natafuta mada ya video nikaanza kujiuliza: hayo masaa ya jioni ya mtoto wa Eastlands yamekuwa ya nani tangu mwanzo? Nilidhani nitapata hadithi fupi. Kumbe ni ndefu, karibu miaka mia.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Nairobi ya mkoloni haikupangiwa watoto weusi. Mwafrika aliitwa mjini kama mfanyakazi, mwanaume, peke yake, apewe kitanda na akizeeka arudi ocha. Familia haikuwa kwenye hesabu. Pumwani ndiyo ilitengwa kama mtaa wa Waafrika miaka ya 1920, na hapo ndipo pakajengwa ukumbi, Pumwani Memorial Hall, kuwakumbuka Waafrika waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Waliokufa walipata ukumbi. Watoto waliokuwa hai wakapata nafasi ya kuchungulia dirishani.

Kaloleni ilikuja miaka ya 1940, na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano walitumika kwenye ujenzi wake. Hii ilikuwa tofauti kidogo kwa sababu ilijengewa familia. Katikati wakaweka ukumbi na viwanja vya nyasi, na baadaye mtaa ukawa na maktaba. Ukienda leo bado utaona ule mpango: nyumba za chini, nafasi kubwa, miti. Mtu aliyechora ile ramani alijua kwamba mtoto atatoka shule na atahitaji mahali pa kwenda. Kwa maoni yangu hakuna mtaa uliojengwa Nairobi baada ya hapo, wa bei ya watu wetu, uliofikiria mtoto vile.

Lakini tusiwasifu sana. Mwaka 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Aprili 1954 jeshi likafunga Nairobi kwa msako ulioitwa Operation Anvil, maelfu ya watu wakabebwa kwenda kizuizini, na nyuma yao wakabaki watoto. Mjini pakajaa vijana wasio na wazazi wala shule. Hapo ndipo serikali ikagundua ghafla umuhimu wa klabu za vijana, mpira, ngoma na useremala wa jioni. Starehe Boys' Centre yenyewe ilianza 1959 kama mahali pa kuokoa vijana wa mitaani, chini ya Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, kwenye vibanda viwili vya mabati. Hao watatu walikuwa na moyo wao na kazi yao inaonekana hadi leo. Ninayemtilia shaka ni serikali iliyokuwa nyuma. Yenyewe haikuanza kwa kupenda watoto. Ilianza kwa kuwaogopa.

Na huo woga haukuondoka na bendera. Sikilizeni vile viongozi wetu wanavyoongea kuhusu miradi ya vijana hadi leo: tuwape kitu cha kufanya "ndio wasiingie uhalifu." Mtoto wa Lavington akipelekwa kuogelea ni kipaji. Mtoto wa Mathare akipewa mpira ni usalama wa taifa. Manze, hata mpira wetu unaandikiwa ripoti ya polisi.

Halafu ikaja 8-4-4, Januari 1985. Kwenye makaratasi ilikuwa ndoto: ushonaji, upishi, kilimo, muziki, sanaa, mtoto atoke shule akijua kutumia mikono. Shida ni kwamba kila kitu kilitiwa kwenye mtihani. Mwisho wa mwaka huohuo KCPE ya kwanza ikafanywa, na pole pole magazeti yakazoea kuchapisha shule bora na wanafunzi bora, mwalimu mkuu akawa anapimwa kama kocha wa Gor. Masomo mengi, muda mfupi, nafasi za sekondari chache. Tuisheni haikuletwa na mwalimu mmoja mwenye tamaa, ingawa tamaa ilikuwepo. Ililetwa na hesabu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasema tuisheni ya likizo ni kosa, faini hadi shilingi 100,000 au jela hadi mwaka mmoja au vyote viwili. Mimi nililipia tuisheni ya likizo baada ya 2013, na risiti nilipewa.

Sasa hapa katikati, 8-4-4 ikiwa na miaka miwili tu, kulitokea kitu Mathare ambacho nataka tukae nacho.

Mwaka 1987. Baraza la jiji lilikuwa limevunjwa tangu 1983 na mji ulikuwa mikononi mwa tume iliyoteuliwa na serikali. Takataka zilikuwa hazizolewi. Kama unajua Mathare, unajua bonde: uchafu wote wa juu unashuka chini, mitaro inaziba, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani ya nyumba, na watoto wanaugua. Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi na Umoja wa Mataifa kwenye mambo ya mazingira, akawaona watoi wakicheza mpira wa juala. Nyinyi mliokulia huku mnaujua: mifuko ya plastiki, matambara, kamba. Wakataka mpira wa kweli na ligi ya kweli. Jibu lake halikuwa msaada, lilikuwa biashara. Nyinyi mkifanya kitu, na mimi nitafanya kitu. Mkikaa, nitakaa.

Ndivyo ilivyoanza MYSA, Mathare Youth Sports Association. Na mpango wenyewe ni huu, ambao hadi leo naona ni wazo kali kuliko mengi yaliyowahi kutoka kwenye wizara yoyote: timu ikishinda mechi inapata pointi 3. Timu ikimaliza kazi ya usafi mtaani inapata pointi 6. Kwa hivyo unaweza kuwa na straika moto sana na bado usichukue ligi kwa sababu timu yako haikuonekana Jumamosi na majembe na mikokoteni. Jedwali la ligi lilikuwa linasomeka pamoja na mitaro.

Waliosimamia walikuwa watoto na vijana wenyewe. Kila eneo lina kamati yake, mnachagua viongozi, mnapanga ratiba, mnatafuta refa. Ukifundisha wadogo, ukichezesha mechi, ukisimamia usafi, unajikusanyia pointi zako binafsi, na hizo pointi zingeweza kukulipia karo ya shule. Soma tena hapo. Mtoto wa miaka kumi na nne alikuwa analipiwa karo kwa sababu alifundisha wa miaka tisa kupiga pasi.

Mengine mengi mnayajua. Timu ilienda Norway Cup mwaka 1990. Mwaka 1992 wakatuzwa na UNEP, tuzo ya Global 500, kule Rio. Mathare United ikaundwa 1994, ikabeba Kombe la Moi 1998, na 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Watoto wa mpira wa juala.

Wasichana waliingia 1992, na hapa ndipo nilipojifunza kitu kuhusu masaa ya jioni. Tatizo la kwanza halikuwa kama wasichana wanaweza mpira. Lilikuwa muda. Mvulana akitoka shule yuko huru hadi giza liingie. Dada yake anatoka shule ileile na kumbe siku yake ya pili ndiyo inaanza: maji, vyombo, mtoto mgongoni, jiko. Wazazi walikuwa wanauliza nani atapika. Basi ikabidi kwenda nyumba kwa nyumba kuongea na wazazi, na kupanga mazoezi mapema ili msichana afike nyumbani kabla ya giza. Ukiona mradi wa watoto wa jioni umejaa wavulana watupu na mtu anakwambia wasichana hawapendi kuja, muulize kwanza nani anachota maji kwao.

Kitu kingine cha MYSA kinachonigusa zaidi ni Shootback. Mwaka 1997 vijana wa Mathare walipewa kamera ndogo za plastiki, za bei rahisi, na wakaanza kupiga picha za maisha yao wenyewe kila wiki na kuandika kuzihusu. Mwaka 1999 zikatoka kama kitabu. Watu wanasema sisi kizazi cha simu ndio tulianzisha kujirekodi mtaani. Hapana. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kazi inayonilisha sasa, kamera na kuhariri, sikuipata kampasi. Niliipata kwenye kikundi cha vijana mtaani, jioni, kamera moja tukiwa kumi na wawili. Naposoma kuhusu Shootback naona babu zangu wa kikazi, na walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Kuna wanaosema mpango wa pointi 6 ulikuwa unawafanyisha watoto maskini kazi ya jiji. Nimelifikiria hili sana na siwezi kulipuuza. Mtoto wa Karen hakuwahi kuzibua mtaro ndio acheze tenisi. Kodi inalipwa, jiji linakosa kuzoa, halafu usafi unakuwa somo la nidhamu kwa wasio na chochote. Hilo ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba taka zilikuwepo, na hakuna aliyekuwa anakuja. Kilichonishinda ni kuona namna nyingine ambayo watoto wa 1987 wangepata ligi yao bila kumngoja mtu. Na tena pesa za nje, hasa za Norway, ziliingia kwa miaka mingi. Sijui ni chama kipi cha watoto Kenya kingefika zaidi ya wachezaji 20,000 kwa kodi yetu peke yake.

Baada ya MYSA kumekuja wengine. Korogocho, karibu kabisa na jaa la Dandora, Ghetto Classics inafundisha watoto vinanda na tarumbeta tangu 2008. Maktaba ya Kaloleni ilikarabatiwa na Book Bunk na kufunguliwa upya 2020, na jioni utakuta watoto wamejaa wakisoma na kuchora. Sitaorodhesha wote.

Maana wote hawa, wa mpira, wa violini, wa vitabu, wanahitaji kitu kimoja ambacho hakiwezi kutoka kwa mfadhili: mahali. Na mahali ndipo tunapopoteza. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama njugu, viwanja vya shule na vya michezo vikiwemo. Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umezunguka uwanja wao. Walipojaribu kuuangusha pamoja na wanaharakati, polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wenye sare za shule, mkono mmoja machoni. Picha zilienda dunia nzima na uwanja ukarudishwa. Angalieni mwaka: ni 2015, ule ule ambao kanuni zilitoka kuwapa saa moja na robo ya kucheza.

Kwetu hakukuwa na picha. Uwanja tuliochezea nikiwa mdogo ulianza kuliwa pembeni, kwanza kibanda cha kuosha magari, halafu mabati, halafu msingi wa ghorofa. Hakuna siku moja unayoweza kusema ndiyo uliibiwa. Ukumbi wa jamii bado upo, lakini wikendi ni harusi na makanisa, na katikati ya wiki unafungwa, na ukitaka kuufungua unalipa. Kile kikundi cha kamera sasa kinakutana kwenye ngazi za ploti, hadi landilodi akifika.

CBC ilipoanza kote nchini 2019 tuliambiwa vipaji, vipaji. Na kweli klabu zimekuja: kodingi, roboti, chesi, kuogelea. Nimeuliza bei za baadhi yake kwa ajili ya binamu yangu wa gredi ya nne. Muhula mmoja unapita kodi ya nyumba yao ya mwezi.

Basi kabla sijarekodi sehemu ya pili ya hii mada, nahitaji mnisaidie wasee. Muulizeni mtoto wa kwenu jana saa tisa na nusu alikuwa wapi na anafanya nini. Kama alikuwa darasani, alilipa ngapi. Kama alikuwa uwanjani, ni uwanja upi na hati yake iko kwa nani. Mniandikie hapo chini jina la mtaa tu, shule msiitaje, nisije nikamtafutia mtoto matatizo.