Mmarekani alirefusha mbele, Msukuma akaimarisha nyuma

Haya wadau, leo tuongelee baiskeli. Si zile za mazoezi ya jioni, nazungumzia zile ngumu za Mhunze kule Kishapu, za kubeba mkaa na madumu ya maji.

Wengi wenu mmeona choppa kwenye filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969: foku ndefu imetangulia mbele, usukani uko juu, dereva kaegemea nyuma kama yuko sebuleni. Vijana wa Marekani walifanya mambo kama hayo kwenye baiskeli pia. Kampuni ya Schwinn ikaona biashara, ikatoa Sting-Ray mwaka 1963, na mwaka 1968 ikaleta Krate yenye foku ya springi. Raleigh wa Uingereza nao wakaja na Chopper yao. Mafundi wa mitaani wakazidisha: wakakata foku, wakachomelea mabomba marefu. Foku ya springi ina miguu minne. Miwili imeshika fremu, miwili inacheza pamoja na gurudumu, na springi inameza mtikisiko.

Sasa najiuliza, mbona choppa haikuota mizizi Usukumani? Mafundi wa kuchomelea tulikuwa nao.

Jibu liko kwenye pamba. Miaka ya 1950 pamba ilileta fedha Kanda ya Ziwa. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, mabati na baiskeli. Ikaja Raleigh, baadaye Phoenix ya China na Swala ya hapa hapa nyumbani.

Lakini baiskeli hizo zilitoka kiwandani zikimfikiria mtu mmoja na kifurushi chake. Huku ilibidi zibebe gunia, abiria, hata mgonjwa. Ndipo fundi akaingia kazini: keria ya kiwandani ikatoka, ikawekwa ya nondo. Foku ikaongezewa vyuma viwili, kutoka kwenye ekseli hadi juu karibu na usukani.

Na hapa kuna hesabu. Ukirefusha foku, fremu inainuka mbele na uzito unahamia nyuma. Ukienda polepole, gurudumu la mbele linataka kulalia upande. Ongeza gunia nyuma, gurudumu hilo linanyanyuka kabisa! Choppa ni baiskeli ya mtu asiye na mzigo.

Kinachoniuma ni kwamba Sting-Ray ina watu wanaoikusanya na kuandika vitabu juu yake. Keria ya nondo haina hata jina la aliyeibuni. Shinyanga na Kahama baiskeli za abiria zilikuwa maarufu hadi zikaitwa daladala. Kisha zikamiminika pikipiki za China, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za pikipiki za abiria. Vijana wakahamia huko, mafundi nao wakawafuata, na vyuma vya zamani vinaishia kwenye skrepa.

Kwa hiyo ukienda nyumbani likizo, muulize guku: keria hii alichomelea nani, na mwaka gani? Andika jina hilo kabla baiskeli haijapimwa kwa kilo.