Cheti, Akili au Ujuzi?

Wazazi wengi kambini huuliza: mtoto akisoma, kisha cheti chake kisitambuliwe huko tuendako, si atakuwa amepoteza miaka yake bure? Leo tutafute jibu katika historia ya miji miwili ya jirani, Nairobi na Dar es Salaam.

Baada ya uhuru, Kenya na Tanzania zilifuata njia mbili. Kenya, wananchi walichanga fedha wakajenga shule za Harambee, na waliosoma sekondari wakaongezeka upesi. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitanguliza elimu ya msingi kwa wote. Nafasi za sekondari zilibaki chache, zikipangwa kulingana na wataalamu waliohitajika.

Mwaka 1980, watafiti wakiwemo wachumi John Knight na Richard Sabot waliwahoji wafanyakazi wa mishahara katika miji hiyo miwili. Ilijulikana kwamba aliyesoma sekondari hulipwa zaidi ya aliyeishia shule ya msingi. Lakini mwajiri alikuwa analipia nini hasa? Je, ni cheti? Ni akili ya kuzaliwa? Au ni ujuzi alioupata darasani?

Ili kujua, baadhi ya wafanyakazi walipewa mitihani. Mmoja ulikuwa wa kusoma na kuhesabu. Mwingine ulipima akili kwa michoro tu, hata asiyejua kusoma aliweza kuufanya.

Matokeo ya miji yote miwili yalielekea upande mmoja. Akili ya kuzaliwa peke yake iliongeza mshahara kidogo sana. Uwezo wa kusoma na kuhesabu ndio uliokuwa na uzito mkubwa. Watu wawili wakiwa na miaka sawa ya shule, aliyefanya vizuri zaidi katika mtihani huo kwa kawaida ndiye aliyelipwa zaidi, kwa sababu kazi yake ilikuwa na tija zaidi.

Jambo jingine: Nairobi, waliomaliza sekondari walipokuwa wengi, kazi za ofisini hazikuwatosha. Wengi waliingia kazi za mikono. Hata huko, anayesoma na kuhesabu vizuri alipata faida.

Tusidanganyane, ndugu msikilizaji. Cheti hufungua mlango, kwa hiyo kitunze vizuri. Na ruhusa ya kufanya kazi ni suala jingine, ambalo kalamu na daftari pekee haviwezi kulimaliza. Lakini cheti kinaweza kupotea njiani au kukataliwa ofisini. Kusoma na kuhesabu mtu huvuka navyo mpaka.

Basi mtoto akirudi kutoka darasani jioni hii, usimwulize tu yuko darasa la ngapi. Mpe karatasi akusomee, mpe hesabu ya unga wa wiki aipige. Hapo utajua amepata nini.