Uongozi wa Wanafunzi na Majina Yake: Kutoka Mnazi Mmoja hata Mlimani

Waandikao juu ya siasa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aghalabu huanzia Mlimani, kana kwamba chuo kilizaliwa huko. Sivyo. Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU lililoko Barabara ya Lumumba, kando ya Mnazi Mmoja, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Tanganyika ilikuwa bado majuma sita kupata uhuru wake. Hata mwaka 1964, chuo kilipohamia Mlimani, wanafunzi hao na waliowafuata walisoma wakiwa wamezungukwa na mji wenyewe: upande mmoja Kariakoo na soko lake, upande wa pili Uhindini, na katikati ule uwanja ambao Waingereza waliuacha wazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ili utenge makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji. Uwanja uliokusudiwa kutenga watu ukageuka kuwa mahali pa kukusanyikia, na hapana shaka kwamba waliouchora hawakulitazamia jambo hilo.

Mtaa huo ulikuwa na historia yake. Zamani uliitwa New Street, na ndipo ilipokuwa ofisi ya TAA, chama ambacho tarehe 7 Julai 1954 kiligeuzwa kuwa TANU. Tena yafaa kukumbuka kwamba mmoja wa mito iliyomimina maji katika TAA ilikuwa jumuiya ya wanafunzi. Mwaka 1943, Julius Nyerere alipokuwa akisoma Makerere, yeye na wenzake, akiwamo Andrew Tibandebage, waliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, TAWA, ambacho baadaye kilijiunga na TAA. Basi chama kilichokiazima chuo nyumba yake kilikuwa chenyewe na damu ya wanafunzi ndani yake. Ugomvi uliotokea baadaye kati ya serikali na wanafunzi haukuwa ugomvi wa wageni wawili.

Neno lenyewe la kuutajia uongozi huo halikutulia upesi. Kwa Kiswahili cha leo husemwa *serikali ya wanafunzi*, nayo ina *rais*, *mawaziri* na *bunge*. *Serikali* ni neno la asili ya Kiajemi, *rais* na *waziri* ni ya Kiarabu, na yote matatu yalikuwa yamekwisha kuzoewa katika mambo ya dola kabla ya chuo kuwapo. Lakini wanafunzi wa mwanzo hawakuyatumia rasmi. Chuo kilikuwa kikifuata mitihani ya London, na kuanzia mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki; vyama vyao vikapewa majina ya Kiingereza na kufahamika kwa herufi zao za mwanzo. Umoja wa wanafunzi wa nchi nzima ukajulikana kwa jina la NAUTS, na chama cha wanafunzi wa chuo kikafika kuitwa DUSO. Mtu wa Kariakoo aliyezisikia herufi hizo asingeweza kukisia kama zataja chama cha watu au kampuni ya meli.

Umbali huo wa lugha ulidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeleta sheria ya kuwataka wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo vya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka 2, sehemu yake kambini, na sehemu iliyobaki katika kazi zao za kawaida, lakini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakaandamana kuipinga, wakiongozwa na NAUTS, wengine wakiwa wamevaa majoho ya chuo. Wakafika Ikulu. Mabango yao yaliyokumbukwa zaidi yaliandikwa kwa Kiingereza, na moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Ni vigumu kufikiri maneno ambayo yangeweza kumchoma zaidi Rais aliyekuwa akiwasikiliza, miaka mitano tu baada ya uhuru. Nyerere aliwasikiliza hata mwisho, kisha akawajibu kwa hasira. Akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi 393 wakarudishwa makwao. Wengi wao walipokewa tena mwaka uliofuata, na kabla hawajarudi, Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa, Februari 1967.

Tukio hili husimuliwa kwa kawaida kama habari ya vijana wachoyo na Mwalimu mwenye haki. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nyepesi mno. Wanafunzi walikuwa na hoja ambayo hawakujua kuisema: kwamba dhabihu iliyodaiwa kwao haikudaiwa kwa wakubwa waliokwisha kukaa vitini. Ule mshahara uliopunguzwa siku hiyo hiyo waonyesha kwamba msikilizaji wao mkuu aliielewa hoja kuliko wao wenyewe walivyoieleza. Kazi ya kwanza ya kiongozi wa wanafunzi anayetetea jambo mbele ya dola ni kuliweka katika maneno ambayo watu wa nje ya chuo wanaweza kuyapokea, na NAUTS haikuiweza. Muuza ndizi wa Kariakoo hangemwonea huruma mtu anayelalamikia mshahara ambao bado hajaupata, tena kwa lugha ya aliyekuwa mtawala.

Kizazi kilichofuata kilijifunza jambo hilo, ingawa nusu tu. Mwaka 1967 kikaundwa kikundi cha USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni kutoka Uganda. Hicho hakikuwa serikali ya wanafunzi, bali kilifanya kazi ambayo serikali hiyo haikuifanya: kuwatoa wanafunzi chuoni. Kilishirikiana na wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO, na mwaka 1968 Museveni na wenzake walikwenda hata katika sehemu za Msumbiji zilizokwisha kukombolewa. Novemba 1969 likatoka gazeti lao, *Cheche*. Hapa mtaalamu wa lugha hana budi kutua kidogo. Jina lilikuwa la Kiswahili safi, na maandishi ya ndani yakawa ya Kiingereza. Na humo ndimo Issa Shivji alimotoa mwaka 1970 uchambuzi wake wa tabaka katika Tanzania. Mwaka huo huo gazeti likapigwa marufuku. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba jina lake lilikumbusha *Iskra*, gazeti la Lenin, ilhali Tanzania yajenga ujamaa wake yenyewe. Basi neno ambalo mpishi yeyote hulitumia jikoni pake likahukumiwa kuwa geni, na ule Kiingereza uliojaa kurasani haukutajwa. Tawi la Umoja wa Vijana wa TANU la chuoni likaendelea na gazeti jipya, *MajiMaji*, jina ambalo hakuna aliyeweza kulitilia shaka uzalendo wake.

DUSO nayo ikapambana na wakubwa wa chuo. Julai 1971 rais wake, Symonds Akivaga, Mkenya, alifukuzwa baada ya kuandika barua ya wazi juu ya uongozi wa chuo, na wanafunzi wenzake wakasimama upande wake. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, ambalo lilitaka mwombaji wa chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi na kupata idhini ya chama. Likawaleta Mlimani watu wazima wenye wake, waume na watoto, na mtu angetazamia kwamba hao wangekuwa wapole. Haikuwa hivyo. Machi 1978 walishuka kutoka Mlimani kuelekea mjini kupinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na viongozi. Safari hii hoja ilieleweka na kila mtu, na pengine ndiyo maana adhabu ilikuwa nzito: zaidi ya wanafunzi 350 walifukuzwa, na DUSO ikavunjwa.

Mahali pake pakawekwa MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya jumuiya ya vijana ya chama. Katika majina yote yaliyotajwa katika makala haya, hili ndilo pekee la chama cha wanafunzi lililotungwa kwa Kiswahili, nalo halikutungwa na wanafunzi. Watetezi wa lugha ya taifa wapaswa kulitafakari hilo bila haraka. Wanafunzi walipopata nafasi ya kuichagua jumuiya yao wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya chuo kufungwa tangu Mei 1990 kwa sababu ya mgomo, walirudi kwenye herufi za Kiingereza: DARUSO. Si lazima kusema kwamba walikikataa Kiswahili. Walikataa kusimamiwa, na jina likaenda na msimamizi.

Lakini lugha ina njia zake za kulipa deni. Katiba na mihuri ilibaki na Kiingereza, ila jukwaani, wakati wa kampeni, mgombea asiyejua kusema Kiswahili chenye chumvi hapati kura. Na vyeo navyo vikajizalia Kiswahili chake. Mfano mzuri kuliko yote ni *waziri wa mikopo*. Cheo hiki hakingeweza kuwako mwaka 1961, kwa kuwa hapakuwa na mikopo. Kilipata maana yake kamili baada ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kuundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Waziri huyo hana gari wala bajeti ya maana. Kazi yake ni kukusanya majina ya waliocheleweshewa fedha, kuyapeleka kwa maofisa, kurudi na jibu, na kuwaeleza wenzake jibu hilo kwa maneno yasiyoamsha mgomo kabla ya wakati wake. Ni kazi ya mjumbe wa mtaa, wa aina ile ile iliyokuwa ikifanywa New Street kabla ya uhuru, na maneno yake yote, tangu *fomu* hata *kukatiwa rufaa*, ni Kiswahili cha mjini.