Sindano, Mkanda na Siku 17: Tiba ya Mgongo Katika Kirinyaga

Mji wa Kerugoya umekaa katikati ya kazi mbili zinazomwinamisha mtu kutwa nzima. Juu yake, kuelekea msitu wa Mlima Kenya, ni chai: Kimunye, Kangaita, Thumaita. Chini, kwenye tambarare ya Mwea, ni mpunga, unaopandikizwa mche kwa mche na watu waliosimama matopeni huku viuno vimekunjwa. Mgongo wa mlimani na mgongo wa bondeni hukutana mjini, mbele ya kaunta ya duka la dawa, na mara nyingi hupata jibu moja: panadol, sindano ya diklofenaki, pengine na ya vitamini B, dawa ya kuchua, na kwa mwenye pesa zaidi, mkanda wa kiuno. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya bidhaa hizo haifanyi kazi inayolipiwa. Dai la pili ni gumu zaidi: hata shauri linalofanya kazi haliwezi kuhamishwa kutoka Ulaya hadi Kirinyaga kama lilivyo.

Tuanze na panadol, yaani parasetamoli. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Australia lililowahusisha wagonjwa 1,652 wenye maumivu mapya ya mgongo wa chini. Kundi moja lilimeza parasetamoli kila siku kwa ratiba, la pili lilimeza maumivu yalipozidi, na la tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa yoyote. Katika makundi mawili ya kwanza, nusu ya wagonjwa walikuwa wamepona kufikia siku ya 17. Katika kundi la vidonge vitupu, ilikuwa siku ya 16.

Matokeo hayo yanatueleza zaidi kuhusu mgongo wenyewe kuliko kuhusu parasetamoli. Maumivu mengi ya ghafla ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Tena mtu hatafuti tiba siku mgongo unapomuuma kidogo. Huenda dukani siku ameshindwa kuvaa viatu. Siku hiyo ndiyo kilele, na baada ya kilele ni mteremko. Chochote alichopewa kileleni kitapokea sifa za mteremko: sindano, mafuta, maombi, mkanda. Muuza dawa haongopi anaposema wateja wake hupona, na mteja haongopi anaposema sindano ilimsaidia. Wote wawili wameona kweli mtu akipona. Wasichoweza kuona ni yule ambaye angepona bila kuchomwa, na ndiyo maana tunahitaji majaribio yenye kundi la kulinganisha.

Majaribio hayo sasa ni mengi. Mapitio ya mwaka 2025 yaliyokusanya majaribio 301 yaligundua kwamba takriban tiba moja tu kati ya kumi, miongoni mwa zisizo za upasuaji, ndiyo inayoonekana kufanya kazi, na kwa kiasi kidogo. Dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, zimo katika kundi hilo la wachache kwa maumivu mapya. Lakini diklofenaki ya sindano ni diklofenaki ile ile ya kidonge. Kuipitisha makalioni hakuifanyi dawa nyingine, na madhara yake kwa tumbo, figo na shinikizo la damu huja nayo. Kwa mama wa miaka 60 mwenye presha, anayechomwa kila mgongo ukikaza, madhara hayo si jambo la pembeni. Dawa nzito zaidi hazijafanya vizuri. Pregabalini ilishindwa kukishinda kidonge kitupu mwaka 2017 kwa maumivu yanayoshuka mguuni, huku ikiwaongezea wagonjwa kizunguzungu. Dawa za jamii ya afyuni zilishindwa vivyo hivyo mwaka 2023 kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo. Mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo, lilishauri dawa hizo zisitumike, wala mikanda ya kiuno, wala kuvutwa uti wa mgongo kwa mashine.

Picha nazo zina lawama yake. Mgonjwa akiuza mbuzi ili apigwe picha ya MRI, hurudi na karatasi inayosema diski imevimba, na tangu siku hiyo anajiona mtu aliyevunjika. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Ni 36 tu kati ya kila 100 waliokuwa na diski za kawaida kote. Diski iliyovimba ni kama mvi: mara nyingi huonyesha umri, na haitoshi kueleza maumivu ya jana.

Kinachosaidia ni nini, basi? Mwaka 1995 wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki wenye maumivu mapya waligawanywa: wengine walilazwa kitandani siku mbili, wengine walipewa mazoezi ya mgongo, wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Na mwaka 2024 jaribio jingine la Australia, la watu 701, lilionyesha kwamba mpango wa kutembea hatua kwa hatua, pamoja na mafunzo ya mtaalamu wa viungo, ulisogeza mbele kurudi kwa maumivu: siku 208 kwa kipimo cha kati, dhidi ya 112 kwa wasiofuata mpango.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaobeba shauri hilo kama lilivyo. Kumwambia karani anayekaa mezani "usilale, endelea kujongea" ni tiba. Kumwambia mchuma chai maneno hayo hayo ni kumwambia afanye anachofanya tayari, kwa sababu hana siku ya kulala. Asipochuma, hana kilo za kupeleka kwenye kituo cha kununulia majani. Yeye hakosi mwendo. Anakosa aina ya mwendo, na nafasi ya kupumzisha mkao mmoja. Kwake "endelea na shughuli" lazima litafsiriwe: badilisha mkao kila baada ya muda, punguza mzigo na uongeze safari, acha kazi ya kuinama kwa siku chache bila kuacha kutembea. Na tafsiri hiyo haiwezi kufanywa na mgonjwa peke yake. Inamhitaji mume, mwenye shamba na karani wa kituo.

Kuna utafiti wa nyumbani unaonukuliwa vibaya katika mjadala huu. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba kwa mukwa, ile kamba ipitayo kwenye paji la uso, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Ni ugunduzi wa kuheshimika. Lakini watafiti walipima hewa iliyotumika, hawakupima pingili wala maumivu, na mzigo wa kuni unaoteremshwa kutoka msituni mara nyingi hupita mbali asilimia hizo 20. Kuutumia utafiti huo kusema kwamba mwanamke wa mlimani ameumbiwa kubeba ni kumtwisha mzigo mwingine juu ya ule alionao.

Hata hivyo, "utapona tu" nayo ni kauli ya hatari ikisemwa ovyo. Kifua kikuu hushuka kwenye uti wa mgongo, na katika eneo la ng'ombe wa maziwa kama hili, brusela huanza kwa homa na kiuno. Homa, kukonda, jasho la usiku, ganzi ya sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila hiari, kudhoofika kwa mguu: dalili kama hizi zinamtaka mtu aende hospitali ya rufaa ya kaunti bila kuchelewa, na ganzi au mkojo siku hiyo hiyo. Lakini kupima brusela kwa kila anayeumwa kiuno si uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya uligundua kwamba kipimo cha haraka kilichozoeleka hakitegemeki, na mtu anaweza kumeza antibayotiki wiki sita kwa ugonjwa asio nao.

Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya imekuwa na wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaoingia nyumbani mwa watu wakiwa na mashine ya presha na ya sukari. Mgongo unaweza kuongezwa katika ziara hiyo bila mashine yoyote: maswali ya dalili za hatari, maelezo ya ukweli kwamba wiki chache zinatosha kwa wengi, mpango wa kutembea, na mazungumzo na familia kuhusu nani atabeba maji wiki hii. Nusu ya vijiji vianze msimu huu, nusu visubiri msimu ujao, na tuhesabu vitu vitatu: siku za maumivu, kilo zilizofika kituoni, na sindano zilizonunuliwa.