Asembla ya Kikokotoo cha Grafu
Ni programu inayogeuza maagizo ya asembli kuwa msimbo wa mashine ndani ya kikokotoo chenyewe, bila kompyuta. Bila asembla, kikokotoo cha TI-83 Plus cha mwaka 1999, chenye prosesa ya Z80, hupokea tarakimu za heksadesimali baada ya amri AsmPrgm. C9, kwa mfano, ni agizo la kurudi. Wapo wasemao kazi hii ni ya kompyuta, yenye kibodi pana. Kweli, vitufe vya kikokotoo vinachosha. Lakini anayeandika heksadesimali kwa mkono hulazimika kukokotoa upya anwani za miruko kila anapochomeka agizo jipya, na adha hiyo ndiyo asembla humwondolea. Hatari kubwa iko kwingine: kosa dogo laweza kufuta RAM yote, hivyo matini ya programu huhifadhiwa kwanza kwenye kumbukumbu ya Flash.