Nyumba za mimea: Mianzi ya Rungwe na bangi ya ng'ambo ya Songwe

Na Mwandishi Wetu

KWA vizazi vingi wakazi wa Masoko na vijiji vingine vya wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, walijenga nyumba zao kwa mianzi iliyosimamishwa, kufungwa kwa kamba, kukandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Leo matofali ya kuchoma na bati vimechukua nafasi hiyo, wakati ambapo katika nchi nyingine ujenzi wa mimea unarudi kwa sura mpya, ukiwamo ule wa zege la bangi ya viwandani.

Mabadiliko hayo yanaigusa Rungwe kwa namna ya pekee. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2020 inaruhusu kilimo cha bangi ya viwandani na ya dawa kwa leseni. Upande wa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakifanya kilimo cha bangi kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo.

Zege la bangi ni nini

Zege hilo hutengenezwa kwa kiini cha shina la mmea, ambacho hupondwa vipande vidogo baada ya nyuzi kuondolewa, kisha huchanganywa na chokaa na maji. Bangi inayotumika ni ya aina yenye kiasi kidogo mno cha kilevi; nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha asilimia 0.3.

Ujenzi huo ulianzia Ufaransa, ambako mwaka 1986 mchanganyiko huo ulitumika kukarabati jengo la kale katika mji wa Nogent-sur-Seine. Mita moja ya ujazo ya zege la bangi kwa ajili ya ukuta huwa na uzito wa kilo 300 hadi 400 hivi, ikilinganishwa na kilo 2,400 za zege la kawaida. Ukuta wake huzuia joto na baridi, hupitisha unyevu bila kuufungia ndani na haushiki moto kwa urahisi.

Hata hivyo, zege hilo halibebi uzito wa jengo. Ni lazima liwe na fremu ya mbao, chuma au zege la kawaida, nalo hujaza nafasi tu. Ndivyo ilivyofanyika hata katika jengo la ghorofa 12 la Mtaa wa Harrington, Cape Town, Afrika Kusini, lililokamilika mwaka 2023 kwa kutumia matofali ya bangi.

Changamoto za sekta

Ugumu wa kwanza ni viwanda. Marekani iliporuhusu kilimo hicho, wakulima wengi walikimbilia bangi ya kukamuliwa mafuta, bei ikaporomoka, huku mashine za kutenganisha nyuzi na kiini zikibaki chache. Kiini ni chepesi lakini kinajaza lori haraka, hivyo gharama ya kukisafirisha mbali humeza faida.

Ugumu wa pili ni viwango. Zege la bangi liliingizwa katika kanuni za mfano za nyumba za makazi za Marekani katika toleo la mwaka 2024 tu, tena kama kiambatisho. Bila kanuni, mhandisi husita kuidhinisha ramani na benki husita kutoa mkopo.

Ugumu wa tatu ni muda. Ukuta uliomiminwa huhitaji wiki kadhaa kukauka kabla ya kupigwa lipu. Katika wilaya kama Rungwe, ambako sehemu nyingi hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, jambo hilo si dogo.

Ufundi wa Wanyakyusa

Matatizo hayo si mageni kwa mwanzi. Mpelelezi Joseph Thomson kutoka Uskoti, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu nyumba za Wanyakyusa kwa usafi na ustadi. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, walikuta wavulana wa umri wa miaka 10 hivi wakianza kujijengea vibanda vya kijiji cha rika lao. Kwa utaratibu huo, kila mwanamume alikua akiwa amekwisha kushika kazi ya ujenzi. Vijiji vya rika vilipokufa, shule hiyo ya ufundi nayo ilikufa.

Mwanzi una sifa ambazo tofali halina. Ni mwepesi na hupinda bila kuvunjika, jambo lenye thamani katika wilaya iliyo ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi hutetemeka. Ukuta wa matofali usio na nondo hupasuka kwa mtikisiko ambao nyumba ya mianzi huustahimili. Aidha, tanuri la matofali hula kuni nyingi.

Adui wa mwanzi ni unyevu, mchwa na wadudu wanaofuata wanga uliomo ndani yake. Mwanzi uliochimbiwa moja kwa moja katika udongo wenye maji huoza ndani ya miaka michache. Dawa yake inajulikana: kuvuna mianzi iliyokomaa kwa miaka 3 hadi 5, wakati wa kiangazi, kuiloweka katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kuisimamisha juu ya msingi wa mawe na kurefusha paa ili mvua isipige ukuta.

Funzo la katani

Tanzania iliwahi kujaribu. Kitengo cha Utafiti wa Majengo, kilichoanzishwa mwaka 1971 na ambacho mwaka 2001 kilikuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kilishirikiana na watafiti wa Sweden kuchunguza mabati ya saruji yenye nyuzi za katani. Ilibainika kuwa ukali wa saruji hudhoofisha nyuzi hizo, na baada ya muda bati likawa rahisi kuvunjika. Funzo lilikuwa kwamba mmea mzuri hautoshi; ni lazima ujulikane utakavyokuwa baada ya miaka mingi.

Kwa mwanzi, kazi hiyo tayari imefanyika. Kiwango cha kimataifa cha usanifu wa majengo ya mianzi, ISO 22156, kilitolewa mwaka 2004 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021. Tanzania yenyewe ni miongoni mwa nchi 9 zilizoanzisha Shirika la Kimataifa la Mianzi na Henzirani, INBAR, mwaka 1997.

Mianzi haiwezi kukatwa ovyo katika hifadhi ya Mlima Rungwe, hivyo ni lazima ipandwe mashambani. Kwa mkazi wa Masoko, mmea huo hauhitaji kusubiri sheria ibadilishwe. Kinachokosekana ni duka linalouza mwanzi uliotiwa dawa, na fundi aliyefunzwa kuujenga.