Watu wa Greenland na Mtumbwi Uliopinduka

Sisi tukaao Ivuna twalijua Ziwa Rukwa. Maji yake si ya kina kirefu, hayana mto wa kuyatoa, na mamba wamo. Mtumbwi wetu ni gogo lililochongwa, nao u wazi juu. Ukipinduka, mvuvi huanguka nje akashikamana nao mpaka apate msaada. Lakini liko taifa mbali sana upande wa kaskazini lililojifunza jambo jingine, na habari zake zafaa kusimuliwa.

Wawindaji wa Greenland walifanya mitumbwi ya ngozi ya sili, iliyovikwa juu ya miti iliyookotwa pwani, kwa kuwa nchi yao haina misitu mikubwa. Juu waliufunika mtumbwi wote, wakaacha tundu moja la kuketi; na vazi la mwindaji lilifungwa ukingoni mwa tundu hilo, maji yasiingie. Basi ulipopinduka, mtu alining'inia kichwa chini katika maji ya barafu. Kutoka nje kulikuwa mauti. Hapana budi ajigeuze arudi juu.

Mwaka 1733 wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika huko. Ndilo Kanisa lile lile lililofika Rungwe mwaka 1891. Mwandishi wao David Cranz, katika kitabu chake cha mwaka 1765, alieleza njia kumi ambazo kwazo vijana wa nchi ile walizoezwa kuinuka.

Je, waliinukaje? Mgeni hudhani ni nguvu za mikono. Sivyo. Mtu huinama mbele, huweka kafi juu ya uso wa maji na kulizungusha. Kisha kwa nyonga na magoti huugeuza mtumbwi kwanza. Mwili hufuata, na kichwa hutoka mwisho. Mwenye hofu hutaka kuinua kichwa mbele ya yote apate pumzi. Uzito wake humrudisha chini.

Wazungu walichelewa kujifunza. Mwaka 1927 Hans Pawlata wa Austria alifaulu kwa kusoma vitabu tu. Mwingereza Gino Watkins alifundishwa na wenyeji wenyewe, akawa hodari. Lakini Agosti 1932 alikwenda peke yake kuwinda sili. Mtumbwi wake ulionekana ukielea umepinduka, na mwili wake haukupatikana kamwe. Umri wake ulikuwa miaka 25.

Twajua kwamba gogo letu haliwezi kugeuzwa hivyo. Hata hivyo mambo mawili twaweza kuyachukua. Wazee wale waliwazoeza watoto mapema, kabla ya siku ya dhoruba. Nasi tuwafundishe wetu, mahali salama pasipo mamba, kuogelea na kushika mtumbwi uliopinduka bila hofu. Na la pili: hata fundi asiende ziwani peke yake, maana ustadi wote wa Watkins haukuweza kuwa badala ya mwenzake mmoja.